Sponji ya Godoro Si Filta

Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi pale Soweto, hapa Mbeya, nasubiri kubadilishiwa cheni, akaingia kijana wa bodaboda anaisukuma pikipiki yake, Boxer. Abiria alikuwa ameshuka njiani kwa sababu ya moshi. "Fundi, inakula oili. Naongeza leo, keshokutwa kipimo kikavu." Fundi hakuuliza sana. Alitoa kifuniko cha pembeni, akafungua boksi la filta ya hewa, akachomoa kilichokuwa ndani na kukiweka juu ya benchi tukione wote. Kipande cha godoro, cha bluu, kimekatwa kwa kisu, upande mmoja kimeliwa na mvuke wa petroli hadi kinadondoka unga. Akapitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta, kikatoka na tope jekundu. Kijana yuko kwenye mkataba. Imebaki miezi mitatu pikipiki iwe yake.

Sijatulia tangu siku ile. Kijana simlaumu. Mwenzake wa kijiweni alimwambia filta ni kazi bure, na fundi aliyempelekea mwanzo ndiye aliyemkatia lile godoro. Hasira yangu inawaendea wanaouza takataka, wanaozifunga, na matajiri wanaomkabidhi dereva chombo cha mamilioni bila kumwambia lolote zaidi ya kiasi cha hesabu, ile pesa ya kuwapelekea kila siku.

Mimi ni mtu wa ugani, na pikipiki ndiyo ofisi yangu. Kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua zianze, nashinda Usangu: Igurusi, Ubaruku, vijiji vilivyo ndani kabisa ya mashamba ya mpunga. Anayeijua njia ile anajua kwamba ukipishana na fuso lenye mzigo, unaendesha kwa kukumbuka barabara ilipokuwa. Huku juu si afadhali sana. Udongo wa Uyole na Rungwe umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi, ukikauka upepo kidogo tu unauinua. Mufindi na Njombe kuna ule mwekundu unaoingia hadi ndani ya soksi. Vumbi lote hilo lina mlango mmoja wa kuingilia kwenye injini, na mlangoni pale kuna filta peke yake.

Hebu tupige hesabu. Injini ya cc 150 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta hewa mara 3,000. Ukiwa umevuta mafuta yote, inameza hadi lita 400 na ushee za hewa kila dakika. Ukipenda, hesabu kwa petroli: lita moja haiungui sawasawa bila hewa ya zaidi ya lita 9,000. Kijana anayemaliza lita tatu kwa siku akizunguka Mwanjelwa, Mafiati na Ilomba anapitisha kwenye ile silinda ndogo hewa ya chumba kizima cha kulala, kuanzia sakafuni hadi darini, pamoja na vumbi lake lote. Kila siku.

Mchanga wa kwatzi una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na chuma cha ukuta wa silinda ni laini kuliko huo. Tena chembe zinazoua injini ni nyembamba kuliko unywele, zile zinazobaki zikielea baada ya gari kupita wakati wewe umeshadhani vumbi limetulia. Zinanasa kwenye utando wa oili, na oili ile inageuka msasa wa majimaji. Ringi zinapanda na kushuka juu yake maelfu ya mara kwa dakika. Kwanza inapotea kompresheni, ile nguvu ya injini kubana hewa. Asubuhi za baridi za Juni unapiga kiki mpaka mguu unauma. Baadaye oili inapanda kwenda kuungua juu, moshi wa bluu unatoka. Hapo tena hakuna ujanja, ni bloku, pistoni, ringi, gasketi na pesa ya fundi, na siku za kukaa bila kazi huku hesabu inadaiwa.

Sasa tuje kwenye hoja ya kijiweni, kwamba ukitoa filta pikipiki inachangamka. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba huku kwetu mara nyingi inachangamka kweli. Nimepanda hizo pikipiki, nimesikia tofauti. Lakini sababu yake si ile wanayoisema.

Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni hafifu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam, na ukipanda Kitulo, kwenye mita 2,600, upungufu unakaribia robo. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya nchi za chini inaendelea kutoa petroli karibu ile ile wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unazidi petroli, plagi inakuwa nyeusi, na ukiwa na abiria na gunia la viazi mwinuko wa Iwambi unakushinda. Ukiongeza filta iliyojaa vumbi la miezi sita, injini inakabwa kabisa. Mtu akiitoa filta, hewa inaongezeka, mvuto kwenye jeti, kale katundu kanakopitisha petroli, unapungua, mchanganyiko unasogea karibu na unapotakiwa kuwa, na pikipiki inanguruma vizuri. Anaondoka akiamini kwamba filta ndiyo iliyokuwa adui.

Dawa yake ni kurekebisha kabureta. Skrubu ya hewa iguswe, sindano ishushwe ngazi moja kama ya kwako ina ngazi, au iwekwe jeti kuu ndogo kidogo. Fundi anayejua hamalizi muda mrefu. Ukihamia Kyela, kule karibu na ziwa ambako ni mita 500 tu, unarudisha ilivyokuwa, kwa sababu petroli ikiwa pungufu injini inachemka kupita kiasi. Za injeksheni zinajirekebisha zenyewe. Filta inabaki mahali pake siku zote, safi, Kyela na Kitulo. Mafundi wa nyanda za juu ndio waliotakiwa kuwa mabingwa wa jambo hili kuliko mafundi wote wa Tanzania, na inaniuma kwamba wengi wao wanachukua njia ya mkato ya kutoboa boksi kwa bisibisi ya moto.

Kuna watakaosema, mbona hata filta za dukani ni sponji? Ndiyo, pikipiki nyingi zinatoka kiwandani na filta ya sponji. Ile imetengenezwa matundu yake yawe wazi pande zote, yalingane, na isiyeyushwe na petroli wala oili. Halafu kazi kubwa inafanywa na oili inayopakwa kwenye sponji, maana ndiyo inayonasa vumbi jembamba. Sponji kavu, hata ikiwa orijino, inapitisha. Godoro limetengenezwa ili watu walalie. Matundu yake mengine yameziba na mengine ni mapana, hivyo linaikaba injini na kupitisha vumbi kwa wakati mmoja, na likianza kumeguka vipande vyake vinakwenda kuziba jeti.

Kuisafisha sponji halali ni kazi ya jioni moja. Ioshe kwa mafuta ya taa au maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, iminye bila kuisokota, ianike kivulini hadi ikauke kabisa. Kisha ipake oili safi na uiminye tena ili oili ienee kote na ya ziada itoke. Usitumie petroli. Inaharibu gundi na sponji yenyewe, na nimewahi kuona beseni la petroli likishika moto gereji, sitaki kukiona tena kitu kile. Ya karatasi haioshwi. Inagongwa taratibu, au inapulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka inabadilishwa. Karatasi ambayo imelowekwa oili kiwandani haipulizwi kabisa, ni kubadilisha tu. Ile tabia ya kushika mpira wa upepo wa kujazia matairi ya malori na kuielekeza filta ya karatasi kwa nguvu zote inatoboa matundu usiyoyaona. Filta ielekeze kwenye jua, uangalie kama kuna sehemu mwanga unapenya kuliko nyingine.

Dukani, beba ile ya zamani. Muuzaji atakwambia, "Dada, zote zinatoka kiwanda kimoja, hii ya bei ndogo ni ile ile." Mwombe akupe zote mbili mkononi. Hesabu mikunjo ya karatasi ya ile orijino, kisha ya hiyo rahisi. Minya mpira wa pembeni. Mzuri unarudi, mbaya unabaki umebonyea au ni mgumu kama plastiki. Angalia kama gundi imezunguka pande zote bila kuruka. Ijaribu kwenye boksi lako kabla hujalipa, na ukiona inacheza, irudishe hata kama muuzaji amenuna. Boksi lenyewe liwe na skrubu zake zote, na ule mpira wa kwenda kwenye kabureta usiwe na ufa, kwa sababu vumbi haliangalii kama filta ni ya bei mbaya likipata pa kupita pembeni.

Na jaribio ambalo natamani kila dereva alijue: baada ya wiki mbili za kutembea, fungua mpira wa upande wa kabureta, pitisha ndani yake kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka safi, filta inafanya kazi. Kikitoka na vumbi, hujanunua filta, haidhuru boksi lake liliandikwa nini. Jaribio hili halihitaji fundi wala pesa, na hakuna muuzaji anayeweza kubishana na kitambaa. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani wakipita kwenye maduka ya spea ya Mwanjelwa na Sido nitafurahi, lakini kitambaa unacho leo.

Mengine nitayasema haraka. Oili iwe imeandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili za pikipiki, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na zile za magari madogo zilizowekewa viungo vya kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Nunua chupa yenye sili. Ya kupimiwa kutoka kwenye dumu siigusi. Cheni isafishwe kisha ipakwe gia oili namba 90, muache kuipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ina unga wa chuma ndani yake. Plagi badilisheni kabla haijawaacha porini. Mnaonunua petroli ya chupa vijijini, wekeni kale kafilta ka petroli kwenye mpira, bei yake ni ndogo. Na kwenye kuosha kwa pampu, msielekeze maji chini ya siti, ndiko hewa inakoingilia. Wenzetu wa Tukuyu wenye mvua kubwa wazibue mara kwa mara kale kampira ka chini ya boksi kanakotoa maji.

Narudi kwenye mkataba, kwa sababu hapo ndipo dhuluma ilipo. Dereva analeta hesabu kila siku kwa mwaka mzima na zaidi. Injini inakwisha taratibu, na inakuja kufa karibu na siku ya kukabidhiwa kadi ya umiliki. Tajiri amesharudisha pesa yake na faida, kijana anarithi bloku iliyochakaa na deni la fundi. Wapo matajiri waungwana, nawafahamu, wanaokagua pikipiki na kununua spea kwa pesa yao. Ni wachache. Wengine wanasema filta ni juu ya dereva, na dereva mwenye watoto wawili, akiwa na elfu tano mkononi saa mbili usiku, atanunua unga. Mimi pia ningenunua unga.

Na pikipiki hizi si za kubebea viazi tu. Umalila, Ileje, Makete, saa nane usiku mama akishikwa na uchungu, anayepigiwa simu ni kijana wa bodaboda. Kama injini haina kompresheni na mlima uko mbele, mama huyo anashushwa njiani.

Kwa hiyo nawaomba matajiri wa Mbeya, Mbalizi, Makambako na Iringa, na naomba kwa moyo wote: filta iandikwe ndani ya mkataba, kwa jina lake. Kwa pikipiki nyingi za hapa bei yake haizidi hesabu ya siku moja. Mkabidhi dereva pikipiki pamoja na filta ya pili ya akiba, ili moja ikioshwa na kukauka nyingine iwe kazini. Msimu wa vumbi, kuanzia Juni hadi Oktoba, mkutane kila Jumapili wakati wa kupokea hesabu, mfungue boksi hapo hapo mkiwa wawili, mpitishe kitambaa. Kikitoka na vumbi, filta mpya inunuliwe kwa hesabu ya siku hiyo kabla tajiri hajaweka shilingi mfukoni.