Kabla ya Kutia Mafuta, Nauliza Mto Ni wa Nani

Julai hii tunaondoka Denver kwa gari, mimi, mama watoto na kijana wetu wa miaka 11, kwenda hadi Missoula, Montana, na kurudi. Siku 14. Mambo ya kulala ni ya mama, mito ya kuvua samaki ni yangu. Ramani imetandazwa juu ya meza tangu Aprili, na kila jioni vyombo vikishaoshwa nakaa nayo nikitafuta mahali pa kusimamisha gari, kushuka na ufito na kutupa mshipi wenye nzi wa bandia, yaani unyoya uliofungwa kwa uzi kwenye ndoano hadi trauti, samaki wa maji baridi, aamini ni mdudu aliyeangukia majini.

Ndugu zangu wa Kiganjo wakisikia mpango huu husema Marekani mmepewa mito mizuri. Mito ni mizuri, sikatai. Lakini nimezaliwa hatua chache kutoka mto Thego, maji yanayoshuka baridi kutoka Mlima Kenya, na sijaona Colorado maji yanayoyashinda yale kwa uzuri. Ninachokitamani cha huku ni kitu kingine, na nimekielewa kwa sababu ya ramani hii.

Swali la kwanza ninalouliza katika kila kituo si samaki wako wapi. Ni je, naruhusiwa kukanyaga? Wyoming, maji ni ya umma, ila ardhi iliyo chini ya maji hayo, mto ukipita katika shamba la mtu, ni ya mwenye shamba. Unaweza kupita juu kwa mashua. Ukiteremsha nanga, au ukitia mguu chini bila ruhusa, umeingia shambani kwa watu. Kwa hiyo kule nimechagua sehemu zilizo wazi kwa umma tu, kama kipande cha mto North Platte wanachokiita Miracle Mile, chini ya bwawa la Kortes. Ukivuka kuingia Montana, mambo yanageuka. Tangu sheria ya 1985, mtu yeyote anaweza kutembea na kuvua ndani ya mto hadi pale maji yanapofika mto unapojaa kwa kawaida, hata kama pande zote mbili ni za tajiri mmoja. Huruhusiwi kukatisha shambani kwake ili ufike majini. Na hapo ndipo serikali ya jimbo ilipofanya kazi ninayoiheshimu sana: imetenga vituo zaidi ya 300 vya kufikia maji. Mara nyingi ni kibao, nafasi ya magari machache na choo. Basi.

Karibu na Thermopolis kuna mahali mto unabadilisha jina bila kubadilisha maji. Juu unaitwa Wind River na upo katika ardhi ya Washoshone na Waarapaho, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, kwa hiyo unahitaji kibali chao. Ukitoka tu katika korongo unaitwa Bighorn, na leseni ya Wyoming inatosha. Nilipomwonyesha kijana wangu nikamwambia hata kwetu iko hivyo, Sagana ukiteremka unakuwa Tana. Ameweka duara la kalamu nyekundu hapo. Anataka asimame mahali penyewe jina linapogeuka.

Hifadhi ya taifa ya Yellowstone ina leseni yake peke yake. Leseni ya jimbo haitumiki ndani ya hifadhi. Ndoano lazima ziwe hazina jino la kunasia, na buti zenye soli ya sufu zimekatazwa kwa kuwa hubeba vijidudu kutoka mto hadi mto. Mto Firehole, ulio humo, nimeufuta kwenye orodha, kwa sababu chemchemi za moto huupasha, na Julai trauti wanateseka humo. Katika ziwa la Yellowstone, yule trauti mkubwa wa maziwa aliyegunduliwa humo mwaka 1994 hairuhusiwi kumrudisha: ukimpata, unamuua, maana anawamaliza trauti wa asili wenye mistari myekundu chini ya taya. Niliposoma hayo niliwaza Ziwa Viktoria, sangara aliyetiwa humo miaka ya 1950, na furu, samaki wadogo wa asili, waliopotea baada yake. Kanuni ile sikuhitaji kufafanuliwa.

Baada ya hapo ni mto Madison, Montana, siku tatu, na hizo sizipunguzi kwa mtu. Maji yakifika nyuzi 23 za Selsiasi siku tatu mfululizo, Montana inaweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, kwa sababu samaki aliyechoka katika maji ya moto hufa hata ukimwachilia. Ndiyo maana safari yote nimeipanga hivi: alfajiri mtoni, mchana barabarani. Usiku wa kuamkia kila kituo naangalia kwenye simu maji yanapita kwa kasi gani. Vipimo viko wazi kwa kila mtu, bure.

Sasa nyumbani. Trauti kwetu ni mgeni. Waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, mlowezi, akawatia katika mto Gura kule Aberdare, na kuvua kwa nzi wa bandia kukawa mchezo wa walowezi. Mwaka 1963 ukaja, bendera ikabadilika, lakini wazo kwamba samaki yule ana wenyewe halikuondoka. Nilikuwa na miaka tisa hivi askari aliponikuta Thego na fito ya mwanzi, uzi na nyungunyungu. Aliivunja fito juu ya goti lake. Hakuniambia leseni inapatikana wapi wala ni pesa ngapi. Aliniambia nirudi kwetu, na kwetu palionekana kutoka pale tuliposimama.

Jambo linaloniuma ni kwamba kwa maandishi tumewashinda Wyoming. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema mito ni ardhi ya umma. Lakini mtoto wa Kiganjo atafikaje majini? Mashamba yamelimwa hadi ukingoni, seng'enge imevutwa hadi majini, hakuna kibao wala kijia.

Desemba iliyopita nilikwenda na ufito wangu. Shosho mmoja, yaani bibi mzee, alikuwa akinyunyizia kabeji zake maji. Nikamsalimu, nikamwomba njia. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia baba yangu, akauinua waya kwa jembe nipite. Huku Marekani sijawahi kufunguliwa njia na mtu namna hiyo, na sitaki tuipoteze. Lakini imetegemea jina la baba yangu. Mgeni kutoka Kitui angetaja nani?

Nilipata trauti mmoja wa kiganja na nusu, nikamrudisha kama nilivyozoea. Shosho alikuwa akiniangalia. “Umemtupa?” Nikamweleza. Akasema, “Mwanangu, watu hapa wana njaa, na wewe unachezea chakula.” Nimelifikiria neno hilo miezi yote hii, na naona ana haki. Tusiige kila kitu. Sisi tuweke idadi na kipimo, mtu apeleke samaki wawili nyumbani wakaliwe, na wadogo warudi wakue.

Leseni inunuliwe kwa simu, kwa bei ya mtu wa kijijini. Taifa linalolipia nyanya kwa M-Pesa haliwezi kushindwa na hilo. Na njia zitengwe. Nimeanza kuiandikia serikali ya kaunti barua, na ninachora kituo kimoja tu: kutoka barabarani hadi Thego, karibu na daraja, mahali pa magari manne, choo, kibao cha Kiswahili na Kikuyu kinachoeleza nini kinaruhusiwa. Kijana amesema Montana atanipigia picha za vibao vyote ili niviambatishe.