Sufuria ya Mbaazi na Turbo ya Pajero

Nimetoka sasa hivi kulipa sufuria. Si sufuria ya nyumbani kwangu, ya mtu. Ile kubwa ya kupikia mbaazi za mtaa mzima, imetobolewa na gari langu. Na gari lenyewe saa hiyo lilikuwa juu ya mawe, halina hata tairi moja. Sasa niambieni nyie mliosoma: gari lisilo na tairi linamgongaje mtu mbaazi zake?

Mie ni mtu mzima, nina heshima zangu, Ijumaa navaa kanzu iliyopigwa pasi. Lakini leo nimesimama mbele ya mama wa mbaazi nimeinamisha kichwa kama mtoto wa chuo aliyesahau ubao.

Chanzo ni Lushoto. Tulikwenda msibani, mama mkwe kakaa nyuma na kikapu chake. Corolla yangu, injini ya 5A, cc 1,500, hapa Tanga mjini haina neno, maana mji wetu bapa kama sinia. Sasa toka nayo Mombo uanze kupanda. Kilomita thelathini na kitu, na karibu mita 1,000 kwenda juu. Kufika Soni nipo gia ya kwanza, mguu umegusa bati. Ikanipita Coaster, nikasema sawa, Coaster ni Coaster. Likanipita Fuso. Halafu ikanipita bodaboda imembeba mbuzi, na yule mbuzi akageuza shingo akanitazama mpaka walipopotea kwenye kona. Nyuma nasikia mama mkwe anauliza kwa upole, "Baba, ndo tushafika?"

Hajafika mtu, mama. Ndiyo mwendo wenyewe huo.

Shemeji yangu hana gari ila ana ushauri wa magari. Akaniambia, "Shemeji, weka turbo." Akanieleza vizuri, nisimsingizie. Ule moshi unaotoka kwenye ekzosi una nguvu, wewe unautupa bure. Turbo inaukamata, unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na lingine upande wa pili, hilo la pili linanyonya hewa na kuishindilia kwenye injini. Hewa ikizidi na mafuta yakizidi, nguvu inazidi. Akasema wazo hilo liliandikishwa na Mswisi mmoja, Alfred Büchi, tangu 1905. Mswisi! Mtu wa milimani! Nikaona huyu alipitwa na mbuzi kama mie.

Turbo ikaagizwa Ilala, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Kange imeviringishwa kwenye gazeti kama samaki. Ilikuwa ya Pajero la dizeli. Nikamuuliza fundi: hii ya dizeli, gari langu la petroli, na petroli moshi wake una moto mkali zaidi, itahimili? Akasema, "Hakuna shida, shekhe."

Naomba mlikumbuke neno hilo.

Fundi mwenyewe yuko Ngamiani. Barabara ya ngapi sisemi, maana Ngamiani ukitaja namba umeshamtaja mtu. Akaniambia turbo haifungwi kwenye manifoldi iliyokuja na gari, yaani yale mabomba yanayokusanya moshi wa injini, haina pa kuishika. Lazima tutengeneze yetu: mabomba manne yatoke kwenye matundu manne ya injini, yajikunje, yakutane mahali pamoja, hapo ndipo turbo ikae. Na mabomba yawe na urefu mmoja, ili pumzi za injini zifike kwa zamu zisigombane mlangoni. "Moja, tatu, nne, mbili," akawa anahesabu mpango wa injini kuwaka kama anavuta tasbihi. Kiroho changu kikatulia. Kumbe mtaalamu.

Kisha mtaalamu akatoa kipande cha kamba ya katani akaanza kupimia mabomba.

Flanji nayo, lile bati nene linalobana injini, alihitaji karatasi ngumu ya kuchukulia matundu. Akaingiza mkono kwenye dashibodi yangu akatoka na kadi ya mchango wa harusi. Akailaza juu ya injini, akawa anaisugua kwa kidole gumba chenye grisi, taratibu, mpaka matundu manne na nafasi za bolti zikajichora nyeusi juu ya maneno "tunaomba mchango wako." Hapo nilifurahi kidogo, nisiseme uongo. Ndiyo kadi pekee mwaka huu iliyonipunguzia kitu.

Sasa njoo kwenye kukunja. Bomba ukilikunja hivihivi linabonyea pale kwenye kona, kama mrija wa soda. Dawa yake ya zamani ni kulijaza mchanga, unaziba huku na huku, unalipasha moto mpaka liwe jekundu, ndipo unakunja. Mchanga unalizuia lisibonyee. Hilo ni kweli, mafundi wamekunja hivyo tangu enzi. Lakini mchanga uwe mkavu. Mkavu wa kukaangwa. Hilo nimelijua baadaye.

Fundi akamtuma kijana wake na ndoo. Kijana akapanda baiskeli, nikajua anakwenda pale kwenye nyumba inayojengwa. Hapana. Kijana akaenda Raskazone, baharini, akaogelea kwanza, akarudi baada ya saa moja na nusu na ndoo ya mchanga unaometameta. Nikaushika. Umeganda mkononi kama unga wa maandazi. Nikasema, "Fundi, mchanga huu una maji."

"Hakuna shida, shekhe. Utakaukia humohumo."

Utakaukia humohumo! Mtu kaziba bomba pande zote mbili kwa vizibo vya mti wa mwembe, kavipigilia kwa nyundo mpaka vimelia, maji yakatokee wapi? Sekondari tulifundishwa, na mie sikuwa mwanafunzi wa kutajwa, kwamba maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Nikafungua mdomo niseme. Nikamwona yule kijana ananitazama kama mzee anayeingilia kazi za watu, nikaufunga. Yakhe, ule mdomo niliofunga ndio umenigharimu sufuria.

Bomba likawekwa kwenye mkaa. Upepo unatoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, kijana anakanyaga, cheche zinaruka. Bomba likaanza kuwa na rangi ya damu ya mzee kule katikati. Mie nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ng'ambo ya barabara mama wa mbaazi anakoroga tui, kuna foleni ya watoto na mabakuli, na mzee mmoja kavaa kanzu nyeupe peee, mahamri yake mkononi, anasubiri.

Nikasikia mluzi. Mwembamba, kama birika. Nikasema lo, hata turbo haijafungwa inalia.

Halafu puu!

Kizibo kilitoka, wallahi sikukiona kikipita. Nilichoona ni mchanga umeruka kama moshi wa mzinga wa Idi, fundi kalala chini kashika kofia, na ng'ambo ya barabara sufuria inakojoa. Tundu la ukubwa wa yai ubavuni, mbaazi zinatoka kwa mkondo mmoja ulionyooka, zinamwagikia kanzu ya yule mzee kuanzia kifuani. Mzee hakusogea. Nadhani alikuwa anangoja aone kama yamekwisha.

Mngesikia matusi ningepona. Mama wa mbaazi hakutukana. Alifunga kanga vizuri, akavuka barabara, akasimama mbele yangu, si mbele ya fundi, mbele yangu mie, akasema, "Baba, mbaazi kilo nne. Nazi nane. Mkaa. Na hao watoto uwape cha kuwaambia mama zao."

Nikasema tutaelewana, mama.

Fundi, akitaka kunisaidia, akasema sufuria ataiziba. Na mashine ileile ya kuchomelea chuma! Sufuria ya alumini! Alumini inayeyuka kabla hujasema bismillahi. Akasema hakuna shida. Tundu la yai likawa tundu la sahani.

Mengine nayapitia tu, nishachoka. Mabomba mengine mawili alichukua ya maji, yale yenye zinki, akachomelea, ukatoka moshi mweupe, usiku akatetemeka kwa homa, kesho yake nikatumiwa ujumbe nitoe hela ya maziwa. Umeme ulikatika mara tatu katikati ya mshono, na kila mshono una kovu lake. Flanji aliichomelea bila kuifunga kwenye bati lingine nene, ikajipinda kama ndizi, gasketi, ile ya kuzibia moshi usivuje, tukala mbili. Na bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo, ambalo linatakiwa literemke moja kwa moja mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yeye kalipandisha kwanza, likazunguka, ndipo likashuka. Oili haipandi mlima, nayo ni kama Corolla yangu. Ikajaa kwenye turbo, ikatafuta njia yake, gari likatoa moshi wa bluu Chumbageni nzima, watu wakadhani wamekuja wa kupulizia mbu.

Lakini lilifungwa. Juzi tulilijaribu njia ya Pongwe. Na pale mwanzo, nisiseme uongo, lilivuta. Mluzi ukapanda, kiti kikanisukuma mgongoni, nikamkumbuka yule mbuzi. Nilihesabu mpaka nne. Kisha injini ikaanza kugonga, kachakacha, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Fundi akasema hewa imezidi, mafuta hayajaongezwa, ile kompyuta ya gari haijui kama kuna turbo. Nani alitakiwa kuiambia? Akasema, "Hakuna shida, shekhe. Wewe usikanyage sana."

Usikanyage sana! Nimenunua turbo, nimenunua mabomba, maziwa, nazi nane, ili nisikanyage sana! Sasa natembea mwendo mdogo kuliko kwanza. Jana pale Mabawa nimepitwa na mzee wa baiskeli kabeba majani ya ng'ombe, akanipa salamu kwa mkono kabisa.

Basi leo nimekwenda kununua sufuria. Nimelipa, nimeibeba kichwani mpaka ng'ambo, mama kaigeuza, kaigonga kwa kidole, kasema, "Mfuniko uko wapi?" Narudi dukani, naambiwa mfuniko unauzwa mbali. Tangu lini? Sufuria na mfuniko wake si vilitoka kiwandani pamoja? Mie nilipooa sufuria zote zilikuja na vichwa vyao. Hata ule mfuniko wa zamani tumeujaribu, mkubwa kwa vidole viwili, unazungukazunguka juu kama kofia ya kuazima.

Nikarudi nyumbani kuchukua hela ya mfuniko, nikarudi tena dukani. Limefungwa. Kijana wa jirani kaniambia mwenyewe kaenda kutafuta mbaazi.