Kabla wakili hajafika: useme nini polisi, uache nini

Ushauri unaosambaa zaidi mitandaoni kuhusu mahojiano ya polisi ni mfupi: usiseme chochote. Wanaoutoa wengi ni mawakili, na wengi wao ni wa Marekani, kwa hiyo umebeba ndani yake sheria za huko hata pale anayeusikiliza anapoishi chini ya sheria nyingine kabisa. Wapo pia wanaouchukia ushauri huo. Kwao ni somo la kuwafundisha wahalifu namna ya kuponyoka, na huuliza: kama huna hatia, unaficha nini? Mimi nakubaliana zaidi na mawakili, lakini si kwa sababu wanazozitaja mara nyingi, na si mpaka mwisho wa safari.

Tuanze na huyo asiye na hatia, maana ndiye anayeponzwa zaidi na kujiamini kwake. Mwaka 2004, wanasaikolojia Saul Kassin na Rebecca Norwick walichapisha jaribio ambalo baadhi ya washiriki waliigiza kuiba fedha, na wengine hawakuiba kitu. Kisha wote wakakutanishwa na "mpelelezi" aliyewataka wakubali kuhojiwa na kuiacha haki yao ya kunyamaza. Kati ya wasio na hatia, asilimia 81 walikubali; kati ya wenye hatia ni asilimia 36 tu. Wengi wa wasio na hatia walieleza kwamba hawakuwa na la kuficha. Kwa hiyo lile swali la "unaficha nini" linamwingia vizuri kabisa mtu ambaye lisingepaswa kumtisha, na mwizi halisi analiacha lipite.

Hatari yenyewe huanza na jambo dogo. Unaulizwa ulikuwa wapi Jumanne usiku. Unajibu: nilikuwa nyumbani usiku kucha. Unaamini unasema kweli, lakini umesahau kwamba mnamo saa 3 ulitoka dakika kumi kumsindikiza mgeni. Kamera ya usalama ya jirani imekuonyesha barabarani. Hakuna kosa ulilofanya, ila sasa kwenye jalada umeandikwa mtu aliyedanganya kuhusu mahali alipokuwa, na kila utakalolisema baada ya hapo litapimwa kwa mizani ya uongo huo. Kumbukumbu za binadamu kuhusu saa, umbali na mpangilio wa matukio ni dhaifu hata akiwa ametulia. Sembuse akiwa kituoni, amenyang'anywa simu, hajui atalala wapi. Tena wewe unajibu bila kujua mpelelezi ana nini mkononi, ilhali yeye anauliza akijua.

Halafu kuna suala la kalamu, ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Sehemu nyingi maelezo ya mshukiwa huandikwa na askari, kwa mkono wake na kwa lugha yake, kisha mshukiwa hutakiwa kutia sahihi au dole gumba. Chukua mtu aliyesema, "Alinikaba shati, nikamsukuma ili aniachie." Ikiandikwa kwamba "anakiri kulitokea ugomvi baina yao na kwamba alimsukuma mlalamikaji," hakuna neno la uongo hapo. Kilichopotea ni shati, yaani utetezi wake wote. Miezi kadhaa baadaye, mahakamani, akisema alikabwa, mwendesha mashtaka atauliza kwa nini hakulisema siku ile. Wakili aliyeketi chumbani kazi yake kubwa mara nyingi ni hii tu, isiyo na mbwembwe zozote: kusoma karatasi kabla mteja hajatia sahihi na kudai shati lirudishwe.

Upande wa kukiri makosa ambayo mtu hakuyafanya, ushahidi ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Katika jaribio la Kassin na Katherine Kiechel la mwaka 1996, wanafunzi walituhumiwa kuharibu kompyuta kwa kubonyeza kitufe walichokatazwa. Hakuna aliyekibonyeza, lakini asilimia 69 walitia sahihi karatasi ya kukiri. Ni kweli kwamba kukiri kuharibu kompyuta si kukiri mauaji, na wakosoaji walisema hivyo. Ila mwaka 2010 mwanasheria Brandon Garrett alichambua kesi za watu 40 waliokiri makosa mazito nchini Marekani kisha vipimo vya vinasaba vikawasafisha. Katika kesi 38, maungamo yao yalikuwa na maelezo ya kina ambayo ilidaiwa mhalifu peke yake ndiye angeyajua. Mtu asiyekuwepo aliyajuaje? Njia iliyo dhahiri ni kwamba yaliingia kupitia maswali, picha na madokezo ya wahoji wenyewe, pengine bila wao kukusudia.

Vijana watano wa New York waliokamatwa mwaka 1989 kwa shambulio dhidi ya mwanamke katika bustani ya Central Park ndio mfano unaojulikana zaidi. Walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 16, wanne wakakiri mbele ya kamera, wote wakahukumiwa mwaka 1990, na hukumu zikafutwa mwaka 2002 baada ya mtu mwingine kujitokeza na vinasaba vyake kulingana na vya tukio. Jambo moja kwenye kesi hiyo linastahili kusisitizwa kwa kila mzazi: baadhi ya vijana hao walikuwa na mzazi au ndugu chumbani kwa sehemu ya mahojiano. Mzazi anataka mtoto arudi nyumbani. Akiambiwa kwamba kusema ndiyo njia ya kurudi nyumbani, atamsihi mtoto aseme.

Katika hili nchi hazilingani. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1969, polisi wanaweza kumdanganya mshukiwa kwamba mwenzake ameshamtaja na kukiri kwake bado kukapokelewa. Sheria ya Ujerumani inakataza kabisa kupata maelezo kwa hadaa. Uingereza na Wales, baada ya aibu ya kesi kama ile ya watu wanne wa Guildford, waliofungwa mwaka 1975 kwa milipuko ya mabomu, kwa msingi wa maungamo, na kuachiwa mwaka 1989, polisi walianza mwaka 1992 kufundishwa mtindo wa mahojiano wa kukusanya taarifa badala ya kusaka kukiri. Anayehojiwa London na anayehojiwa Chicago hawaingii chumba cha aina moja.

Sasa hoja za upande wa pili, ambazo mawakili wa mitandaoni hawapendi kuzitaja.

Ya kwanza ni kwamba upelelezi hauendi bila watu kusema. Aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyeona ajali: hawa wakisubiri wakili kwanza, mhalifu ameshafika mbali, na mara nyingi wanaoumia ni wanyonge wasio na njia nyingine ya kupata haki. Ya pili inamhusu mshukiwa mwenyewe. Kuna ushahidi unaooza. Picha za kamera hufutwa baada ya siku au wiki chache, shahidi husafiri, stakabadhi hutupwa. Mtu aliyekamatwa kwa kufananishwa tu, ambaye angeweza kusema "saa hiyo nilikuwa hospitali fulani, jina langu limo kwenye daftari lao," anaweza kuachiwa jioni hiyohiyo. Akinyamaza, analala mahabusu, na daftari linaweza lisitafutwe kamwe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kisheria: kunyamaza si bure kila mahali. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu mahakama kumfikiria vibaya mshtakiwa anayeleta mahakamani jambo ambalo angeweza kulitaja alipohojiwa akaliacha. Onyo wanalosomewa washukiwa huko linasema hivyo waziwazi. Hata Marekani, nchi inayosifika kwa haki ya kunyamaza tangu kesi ya Miranda ya mwaka 1966, iliyowalazimu polisi kumweleza mshukiwa haki hiyo kabla ya kumhoji, ukimya una masharti yanayowashangaza wengi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mshukiwa aliyesema "labda niongee na wakili" hakuwa ameomba wakili, kwa kuwa hakutamka kwa uwazi. Mwaka 2010 ikaamua kwamba aliyekaa kimya kwa karibu saa 3 kisha akajibu swali moja alikuwa ameiacha haki yake. Na mwaka 2013 ikamgeukia mtu aliyekwenda kituoni kwa hiari, akajibu maswali, kisha akanyamaza alipoulizwa kama maganda ya risasi yangelingana na bunduki yake. Ukimya wake ukatumika dhidi yake, kwa sababu hakutamka kwamba anatumia haki ya kunyamaza. Haki ya kunyamaza inayokulazimu uitamke! Sheria ina vituko vyake.

Kwa hiyo ushauri wa "usiseme chochote," ukiuchukua kwa maana yake ya juujuu, unaweza kukuponza hata Marekani ulikotoka ushauri huo. Na ukiuhamisha nchi nyingine unaweza kukosa maana kabisa. India, tangu sheria ya ushahidi ya mwaka 1872, ungamo lililotolewa kwa afisa wa polisi halitumiki dhidi ya mshtakiwa. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ya kuelezwa matokeo ya kutonyamaza, na ya kuwasiliana na wakili. Na sheria ya ushahidi inataka ungamo lifanywe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyeipeleleza kesi hiyo, akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na anayekiri. Tanzania, ungamo mbele ya polisi linaweza kupokelewa likithibitika kuwa la hiari, na maelezo ya onyo, yaani yale mshukiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, ndiyo huwa uti wa mgongo wa kesi nyingi. Ulaya, Mahakama ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2008, katika kesi ya kijana wa Uturuki, kwamba kwa kawaida mshukiwa apate wakili tangu mahojiano ya kwanza. Kabla ya hapo polisi wa Scotland waliweza kumshikilia na kumhoji mtu kwa muda wa hadi saa 6 bila wakili. Utaratibu huo ulivunjwa mwaka 2010, na Ufaransa ikabadili wake mwaka 2011. Hatari ya kusema bila wakili hupanda na kushuka kulingana na kinachoweza kufanyika na maneno yako baadaye.

Wala wakili si hirizi. Martha Stewart, mfanyabiashara tajiri wa Marekani, alihojiwa na wapelelezi mwaka 2002 akiwa na mawakili wake kando. Mwaka 2004 alitiwa hatiani kwa kuwadanganya wapelelezi hao na kuzuia upelelezi, wakati shtaka la udanganyifu wa hisa jaji alikuwa amelifuta. Angenyamaza, pengine asingefungwa. Kuwa na wakili kunasaidia pale anapokuwa amepewa nafasi ya kusikiliza kisa chote kabla ya mahojiano, na mteja akakubali kushauriwa.

Mstari mimi nauchora hapa. Taarifa za utambulisho, pale sheria inapozidai, zitolewe. Kugombana na askari kuhusu jina lako hakuna faida. Dharura, kama majeruhi anayevuja damu au mtoto aliyepotea, haisubiri wakili. Jambo linaloweza kuhakikiwa nje ya mdomo wako na linaloweza kupotea, kama lile daftari la hospitali, naona kuna hoja nzuri ya kulitaja mapema, kwa sentensi moja, bila kulizungushia hadithi. Mengine yote, yaani kisa: nani alianza, ulikuwa na hasira gani, kwa nini mlikosana, ulimaanisha nini kwenye ujumbe ule wa simu, hayo yasubiri. Huku ndiko maneno hupindika, na huku ndiko maelezo ya kweli yaliyotolewa kwa uchovu hugeuka kuwa kukiri nusu. Na kusubiri kwenyewe kutamkwe, kwa adabu na bila "labda": natumia haki yangu ya kunyamaza mpaka nizungumze na wakili.

Kuna swali moja la kuuliza kabla ya yote hayo: nahojiwa kama shahidi au kama mshukiwa? Jibu linaweza kubadilika katikati ya mahojiano bila wewe kuambiwa. Dalili mara nyingi ni maswali yanapohama kutoka "uliona nini" kwenda "kwa nini wewe." Shahidi anayehisi mhamo huo hana deni la adabu la kuendelea.

Linalobaki, na sioni ufumbuzi wake mwepesi, ni la wasio na wakili wa kumsubiri. Haki ya kuwasiliana na wakili na wakili mwenyewe ni vitu viwili. Kwa aliyekamatwa Ijumaa usiku, asiye na fedha wala namba ya wakili, ushauri wangu hapo juu unaweza kumaanisha kulala ndani akilinda kesi ambayo huenda isingefunguliwa. Hata Uingereza na Wales, ambako tangu sheria ya mwaka 1984 kila aliyekamatwa anaweza kupata ushauri wa wakili kituoni bila malipo, sehemu kubwa ya washukiwa huukataa, na miongoni mwa sababu wanazotaja ni kwamba wakili atawachelewesha. Askari wanalijua hilo, na kauli kama "ukimtaka wakili tutakaa hapa mpaka asubuhi" haihitaji kuwa tishio ili ifanye kazi. Mara nyingi ni kweli tupu. Mtu anayetaka kuwashawishi wengine wamsubiri wakili aanze na kuudai mfumo unaomfikisha wakili huyo kituoni kabla ya asubuhi.