Mfuniko wa Hotpoti ya Mama Mkwe

Leo asubuhi, kabla sijagusa hata chai, nimeulizwa tena: "Baba Zuhura, ule mfuniko vipi?"

Siku ya nne hii. Nimejibu kama anavyojibu mtu mzima mwenye heshima zake, kwamba suala hilo linashughulikiwa. Mama Zuhura akaniangalia, akatua kikombe mezani kwa ule mshindo ambao wenye ndoa mnaujua, akasema mama yake amepiga simu. Hapo sikuwa na jibu. Hata sikio langu la kushoto, ambalo lina maji tangu Idi Pili, liliziba kabisa.

Na hilo sikio nalo acheni. Nimerukaruka kwa mguu mmoja uani mpaka mtoto wa jirani akaja kuniunga mkono akidhani ni mchezo.

Naomba nieleze mwenyewe, maana hapa Rangi Tatu habari imeshaota mkia. Wanasema Idi Pili tulizuiwa kuingia kwenye bustani ya michezo ya maji. Uongo. Tulichelewa kuingia, na katikati ya kuzuiwa na kuchelewa pana kilo tatu za pilau.

Wazo halikuwa langu. Watoto walioneshwa na wenzao picha za yale mabomba makubwa ya plastiki, mtu anaingia juu akiwa mzima na anatokea chini akimshukuru Mungu. Nikasema hapana. Mama Zuhura akasema kila Idi tunakaa nyumbani kama tunalinda ghala. Nikasema hapana tena, kwa sauti ndogo kidogo. Usiku wa kuamkia Idi Mosi nilikuwa nimeshapatana na mtu wa Noah.

Kilichoniuma ni kwamba nalipa hela nikalowane. Mimi! Mtu ambaye nalala na sikio bombani, na likikohoa saa tisa usiku narukia ndoo kama kipa. Mgao ule wa 2022, mto Ruvu ulipopungua, niliogea kikopo kimoja na bado nikabakiza ya kudekia. Leo nikawaoneshe watoto maji yanamwagwa kutoka ghorofani, na hakuna hata mtu mmoja aliyekinga beseni.

Tulikuwa tisa ndani ya Noah, na mama mkwe mbele, kwa sababu mbele ndiko anakokaa mama mkwe. Foleni ya Mandela siielezi. Mpwa wangu, yuko chuo, ana bando na hana pa kulipeleka, alitusomea kati ya Buguruni na Tabata kwamba baba wa mambo haya ni Mmarekani mmoja, George Millay, aliyefungua bustani yake ya maji Orlando mwaka 1977. Nikamuuliza huyo Millay kwao maji yalikuwa yanatoka kila siku? Akasema hilo halijaandikwa.

Tukafika getini saa nne asubuhi.

Pale getini alikuwapo kijana wa ulinzi. Sare imemzidi namba mbili, mabega yameteremka hadi karibu na viwiko, pindo la suruali limeshikizwa kwa pini. Mimi ni fundi cherehani, mambo hayo huyaona kabla ya sura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nikadhani tumemaliza.

"Mzee, naomba tuangalie huo mzigo."

Mzigo wenyewe ulikuwa hotpoti ya mama mkwe. Naisema kwa adabu: ni ile kubwa, rangi ya damu ya mzee, ina maua ubavuni, amekaa nayo miaka mingi na haikuwahi kutoka Temeke. Nyumbani kwake hukaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na akikupa mkononi unaipokea kwa mikono miwili.

Kijana akafunua mfuniko. Mvuke ukatoka, hiliki ikatoka, mdalasini ukatoka, na foleni nzima nyuma yetu ikanyamaza. Nikamwona koo likipanda na kushuka.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi," akasema, lakini alikuwa anaiambia hotpoti.

"Mwanangu, hiki si cha nje," nikamjibu. "Kimepikwa ndani kwangu."

"Cha nje ni hicho mnachouza nyie humo," mama mkwe akaongeza. "Kimepikwa na nani, mnamjua?"

Mama Zuhura, ambaye ana akili kunishinda, akamvuta kijana pembeni akamnong'oneza kwamba bibi ana sukari, hawezi kula ovyo, hiki ni chakula cha daktari.

"Mama, chakula cha daktari sufuria zima?"

"Ana sukari kali."

"Nani mgonjwa?" mama mkwe akauliza kwa sauti ya kufika Tegeta. "Nani kasema mimi mgonjwa? Tangu lini? Mnaniombea?"

Hilo likaishia hapo. Nikasogea mimi, nikampa kijana mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na salamu. Hakuikunja ngumi. Akainua macho taratibu kuelekea juu ya nguzo, nami nikayafuata, nikakuta kamera inatutazama sote wawili. Nikarudisha mkono na salamu zake, nikajifanya nakuna kiganja.

Akaja mkubwa wake, mwenye redio ya upepo kiunoni. Huyu alikuwa na lugha ya ofisini. Akasema tunao utaratibu, mzigo unabaki hapa, mnapewa namba, mkitoka mnauchukua. Mama mkwe akamtazama yeye, akamtazama kijana, akamtazama tena yeye.

"Niache pilau na mtu ambaye hajala?"

Kimya. Hata yule wa redio alikosa kipengele.

Ndipo Mama Zuhura akatoa hukumu. Akamwambia mpwa ashushe mkeka kwenye Noah, akautandika chini ya mkungu, ubavuni mwa geti, mita chache kutoka kwenye kibao kinachosema chakula hakiruhusiwi. "Hapa ni nje au ndani?" akauliza. Mkubwa wa redio akakiri kwamba hapo ni nje. "Basi chakula cha nje kinaliwa nje."

Tukakaa. Saa nne na nusu ya asubuhi, jua limeshashika kazi, watu tisa tumezunguka pilau, miguu imekunjwa, kachumbari inapita. Niliweka uso wa mtu aliyepanga jambo hilo tangu mwanzo. Kumbe foleni nzima ilikuwa na mizigo! Familia moja ikafungua biriani ikakaa pembeni yetu. Wengine wakaja na mihogo ya kukaanga. Kundi kubwa la wakina mama wenye madera ya kufanana wakatandika mikeka miwili na kutoa ndoo ya juisi ya ubuyu. Ukuta wote ukajaa mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, bila mtu kupanga. Ndivyo tulivyozoea.

Akapita bodaboda. Akapunguza mwendo, akazima pikipiki, akavua kofia, akaja kwa hatua za pole pole akakaa mkekani kwetu. Akapakuliwa, akala, akanawa. Kisha akaniinamia sikioni, sikio hili hili, wakati huo bado linasikia, akauliza, "Samahani mzee wangu, aliyetutoka alikuwa nani yenu?"

Nikamwambia ni bajeti yangu.

Akasema, "Mungu amlaze mahali pema," akaondoka.

Na kijana wa getini? Alikuwa amesimama anapepesa macho. Mama mkwe hawezi kula akitazamwa, akamwita: "Njoo, mwanangu. Sheria haishibishi." Kijana akaangalia kamera, akasogea hatua mbili hadi nyuma ya nguzo ambako kamera haifiki, akanyoosha mkono. Sahani zilikuwa zimeisha, bodaboda alikuwa na ya mwisho. Mama mkwe, kwa huruma yake mwenyewe na kwa mkono wake mwenyewe, naomba hili lieleweke, akampakulia kwenye mfuniko.

Redio ikaita. Kijana akatoweka na mfuniko mbio kuingia kile kibanda cha walinzi kilicho upande wa ndani wa geti. Hatukumwona tena.

Tukalipa kiingilio. Mtoto anayefika mstari uliochorwa ukutani analipa kama mkubwa, kwa hiyo nilikuwa nimemfundisha Kassimu tangu nyumbani namna ya kukunja magoti ndani ya kanzu. Akakunja vizuri sana. Dada wa tiketi akamsifu, "Wewe bado mdogo, eeh?" Kassimu akajinyoosha kama mnazi: "Mimi mkubwa!" Nililipa.

Ndani tukaambiwa tusubiri kwanza, watu wameshiba, wasijetapika majini. Tukakaa saa nzima tukitazama maji. Hilo ningeweza kulifanya bure feri.

Halafu nguo. Jamani, nguo! Nilikuwa nimekesha siku mbili nikishona bukta za familia nzima, tetroni safi ya suruali za shule, haichuji, mshono mara mbili, lastiki mpya. Kijana wa filimbi akazishika kwa vidole viwili. "Mzee, vitambaa hivi haviruhusiwi majini. Kodisheni." Nikakodi. Ukiwa fundi unaijua lastiki iliyokata tamaa hata kabla hujaivuta. Ile bukta niliyopewa lastiki yake ilikuwa imeshaaga, inasubiri mazishi. Nikaukaza uzi, nikafunga kikoi juu yake, nikasema liwalo na liwe.

Sasa fikirini mama mkwe alipochagua kukaa. Bustani nzima ina viti, ina vivuli, ina upande unaotazama bahari na upepo wake. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi linalotazamana na mdomo wa bomba, pale pale linapowatema watu, eti apate kuwaona wajukuu wakishuka.

Mimi sikutaka kupanda. Kassimu, huyo huyo mkubwa, ndiye aliyefika juu akaogopa, akaanza kulia akiniita jina mbele za watu: "Babaaa!" Nikapanda ngazi. Nilipofika, yeye akawa ameshashuka kwa raha zake, na nyuma yangu pamejaa vijana, hakuna njia ya kurudi. Kijana wa juu akaniambia kikoi hakiruhusiwi. Nikakikabidhi. Akaniambia lala, mikono kifuani, miguu ipishane. Jamani, ndivyo tunavyowalaza wale wasiorudi.

Humo ndani siwezi kuelezea. Pana giza, pana kona, pana mahali niliwakumbuka wote ninaowadai. Ninachojua ni kwamba mimi nilifika kwanza, bukta ikafika baadaye.

Nikazama hadi shingoni nikabaki hapo hapo. Nilipofungua jicho nikamwona mama mkwe amegeuka kabisa, anausoma ubao wa masharti kuanzia la kwanza. Mama yule hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa kwenye Noah.

Dakika 40 nilikaa majini. Watoto wananipita, wananirushia maji, mmoja akaniuliza kama mimi ni wa kudumu. Bukta ilikuwa imeelea ikapata familia nyingine. Mpwa wangu ndiye aliyekuja na kikoi, lakini hakunipa. Akachutama ukingoni, kikoi begani, akaanza somo. "Mjomba, unasikia hii harufu? Watu wanadhani ni dawa imezidi. Siyo. Klorini peke yake hainuki hivi. Inanuka hivi ikishakutana na jasho na mikojo ya watu, na hiyo ndiyo inayowasha macho." Mimi nimo humo, midomo imegusana na maji. Nikamwambia alete kikoi kabla sijasahau kwamba mama yake ni dada yangu.

Chupa ya maji ya kunywa humo ndani iliuzwa bei ya dumu saba za kwetu. Mpiga picha alinidai hela ya picha niliyofumba macho.

Tukarudi saa mbili usiku. Maji yalikuwa yametoka mtaani tangu saa tano mpaka saa tisa alasiri, na yamekatika. Kamba zote zimejaa nguo, mpaka mapazia, na kwa jirani hata kikombe cha mswaki kimejazwa. Sisi ndoo zetu zilikuwa zimefunikwa vizuri, tupu, kama tulivyoziacha. Jirani akaniuliza, "Mbona mna harufu ya maji?"

Tangu siku hiyo mama mkwe ananisalimu kupitia watu. Kitu pekee anachoniambia moja kwa moja, na hata hicho kupitia binti yake, ni mfuniko. Nikaenda Idi Tatu, nauli yangu. Kijana amehamishiwa lindo lingine. Nikawaambia kibanda kile kile, mfuniko uko dirishani, nauona kutoka hapa, rangi ya damu ya mzee. Wakasema ni kweli, mzee, hata sisi tunauona, lakini kibanda kiko ndani, na ndani ni kwa kiingilio. Nikauliza kama naweza kuingia nusu. Wakaniambia nipime kwenye mstari.

Jana nikaenda Kariakoo. Hotpoti haziuzwi mfuniko peke yake, wanauza seti, tatu kwa pamoja. Nimezunguka Mtaa wa Kongo mpaka miguu imewaka, kila duka nacheka kidogo kabla ya kuuliza ili nisionekane mgonjwa. Duka la mwisho nikamkuta mtu wa makamo, kanzu nzuri, macho mekundu. Mkononi ana mfuniko. Anamuuliza muuzaji kama wanauza hotpoti peke yake.

Tukatazamana. Nikamuuliza, "Na wewe pale pale?"

Akaitikia kwa kichwa.

Ila wa kwake ni wa kijani. Tumepeana namba.