Australia Ipi?

Jumamosi nimetoka duka la miche huku Leicester, Uingereza, nimenuna. Wamepanga meza nzima ya grevilea zilizochanua, nyekundu za kuvutia hasa, na kila chungu kimechomekwa kadi yenye picha ya kangaruu: "Mmea wa Australia. Hupenda jua." Basi. Mama mmoja akabeba viwili, na bei yenyewe si ya mchezo. Januari majani yakibabuka kwa baridi, atajiona hana mkono wa miche.

Australia ipi? Mtu akikuuzia mche "wa Tanzania", amekuuzia mnazi wa Tanga au lobelia ya Kilimanjaro inayolala na jalidi? Bara lile lina milima inayofunikwa na theluji New South Wales na Victoria, lina Tasmania, na lina Queensland wanakolima miwa. Grevillea victoriae ni ya milimani kusini-mashariki, baridi ilishaizoea. Grevilea iitwayo 'Canberra Gem' nayo, mizizi isipokaa majini, huvumilia hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Lakini Grevillea robusta, mgrivilea wetu uleule wa kuwekea kahawa kivuli, kwao ni Queensland na kaskazini mwa New South Wales. Mche wake ukiachwa nje huku, umekwisha. Ndiyo maana Waingereza wanaufuga sebuleni, pembeni ya televisheni. Mti tunaopasua mbao! Zote ni grevilea, zote ni "za Australia", na hiyo kadi ingezitosha zote. Hata ndani ya aina moja, mbegu iliyookotwa juu mlimani na iliyookotwa bondeni hazizai miche yenye ustahimilivu sawa. Hicho ndicho mnunuzi anachohitaji kujua, na hicho ndicho kisichoandikwa. Kangaruu alipata nafasi.

Haya, nakubali shingo upande kwamba kadi haizuii baridi. Bustani ya Tresco kwenye visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, wanaojua kazi yao na wenye hali ya hewa ya kubembeleza, Januari 1987 walipigwa na theluji na baridi wakapoteza mimea mingi mno. Lakini wao walijua walichopanda.

Halafu mbolea. Kuna jirani kila vuli anamwaga unga wa mifupa, wenye fosforasi tele, kwenye kila kitu kilicho na mizizi, kwa upendo kabisa. Grevilea na nduguye banksia, naye wa Australia, zimezoea udongo maskini wa fosforasi. Mizizi yao inachota hata chembe ya mwisho. Ukizimwagia fosforasi unazilisha sumu: majani yanageuka njano, mmea unanyong'onyea, na lawama inapewa baridi.

Maji yaliyotuama wakati wa baridi ni adui mwingine. Changanya kokoto, inua tuta. Na tafadhali, usiufunge mmea mfuko wa plastiki. Unyevu unanasa humo, ukungu unafanya sherehe. Kuna kitambaa chepesi cha bustani, kinapitisha hewa, hata shuka kuukuu inafaa usiku mmoja wa jalidi.

Na Machi ikifika usikimbilie jembe kung'oa mmea unaoonekana umekufa. Kwangua gome kwa kucha karibu na shina: ukiona kijani, acha. Ukikuta kahawia, shuka chini kidogo ukwangue tena. Kichaka cha aina ya kalistemoni, chenye maua kama brashi ya chupa, kinaweza kukaa kama kuni hadi Juni, kisha kikachipua kutoka chini.