Kitambi cha dereva: kazi au umri?

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alipanda ngazi mamia kwa siku akikata tiketi, na maradhi ya moyo yalimpata kwa nadra zaidi. Wengi wakahitimisha kuwa kiti ndicho chenye kosa. Hata hivyo, mwaka 1956 Morris mwenyewe alichunguza vipimo vya sare, akakuta kuwa suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi hata miongoni mwa vijana. Kwa hiyo huenda wanene ndio walioelekea kwenye usukani.

Kwenye daladala za Dar es Salaam hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu konda wa leo mara nyingi ndiye dereva wa kesho. Kijana anayening'inia mlangoni akipata leseni huhamia kitini, na kwa hiyo anayelinganisha konda na dereva analinganisha pia umri na kipato. Chipsi mayai wanazokula kituoni ni zilezile, ila dereva huletewa dirishani na soda juu, naye humaliza kabla abiria hawajajaa.

Wanaolaumu umri husema mwili huchoma chakula polepole baada ya miaka 30. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 haukuliunga mkono dai hilo: ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli, matumizi ya nishati hubaki karibu palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Kinachopungua ni misuli yenyewe, na mizani haikuonyeshi kwamba nyama imeondoka na mafuta yameshika nafasi yake.

Wala jasho peke yake halitoshi kuwa jibu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutembea mno kutafuta chakula, lakini utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kuwa, kwa kuzingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku inakaribiana na ya Wamarekani. Kwa maoni yangu, hilo linaielekeza lawama kwenye sahani kuliko kwenye kiti, ingawa moyo na misuli bado vinahitaji mwendo.

Ningeanza kwa kupima kiuno cha konda siku anayokabidhiwa usukani, kisha nikipime tena baada ya miaka mitano, pamoja na cha rika lake aliyebaki mlangoni.