"Egg on" ni neno la makali, si la mayai

Wengi wanaojifunza Kiingereza hukwama wakikutana na kitenzi "egg on", yaani kumchochea mtu afanye jambo, hasa la hatari. Yai linahusikaje na uchochezi? Wapo wanaodai kwamba asili yake ni kurushiana mayai. Si kweli, na maelezo hayo yanalinyang'anya neno uzito wake.

Neno lilikuja na Waviking, mabaharia wapiganaji kutoka Skandinavia. Jeshi lao liliteka mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 866, kisha wengi wakalowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza, na Kiingereza kikachota kwao maneno kama "knife", "take", hata "they". Humo limo "eggja", kuchochea, lililozaliwa na neno la makali ya upanga. "Edge" ya Waingereza ni ndugu yake. Kumchochea mtu, kwa hiyo, ni kumnoa.

"Egg" la yai nalo limetoka kwa watu hao hao, ila ni neno jingine kabisa. Waingereza walikuwa na lao, "ey", wingi wake "eyren". Mwaka 1490 mchapishaji William Caxton alisimulia habari za mfanyabiashara aliyeomba "egges" kwa mama mmoja, mama akamjibu kwamba hajui Kifaransa! Alielewa pale tu mwingine aliposema "eyren".

Makali ya kitenzi hiki nayaona katika saga ya Njáll, hadithi ndefu ya kale iliyoandikwa Iceland karne ya 13. Mwanamke aitwaye Hildigunnr ameuliwa mume na wana wa Njáll. Ami yake, Flosi, anakuja akitaka kumaliza jambo kisheria. Hildigunnr anamtupia mabegani joho alilouawa nalo marehemu, joho ambalo Flosi mwenyewe ndiye aliyemzawadia, na damu iliyoganda inammwagikia. Uso wa Flosi unakuwa mwekundu, unapauka, unakuwa mweusi. Suluhu inashindikana, na mwishowe Flosi na wenzake wanamchoma moto mzee Njáll ndani ya nyumba yake pamoja na jamaa zake.

Hildigunnr hakushika silaha yoyote. Namhurumia, maana alikuwa mjane katika nchi ambayo kesi za mauaji ziliendeshwa na wanaume. Hata hivyo damu ya akina Njáll ni juu yake pia, na siwezi kumtoa hatiani kwa sababu tu mikono iliyowasha moto ilikuwa ya wengine. Waingereza wa leo hulitumia neno hili hata kwa watoto wanaotiana hamasa wapande mti. Nasikitika kuona limebutuka kiasi hicho.